Pikipiki iko tayari, wewe je?

Wiki moja kabla ya safari ndefu, mwenye pikipiki anajua la kufanya na chombo chake. Anabadilisha oili, anakaza cheni, anapima upepo wa matairi, anaangalia pedi za breki zimebaki unene gani. Kisha asubuhi ya kuondoka, juu ya chombo hicho kilichoandaliwa kikaandalika, anapanda mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu, amevaa jinzi yenye mshono mnene pale pale anapokalia, na mara ya mwisho kukaa kwenye siti saa tatu mfululizo hata haikumbuki. Kufika kilomita ya 300 injini inanguruma kama kawaida. Kilichoharibika ni dereva.

Wapo wanaoona habari ya kukaa vizuri ni udekezi. Mimi naiweka kapu moja na breki. Dereva ambaye makalio yanamuwaka moto hawazi kona inayokuja, anawaza makalio. Na karibu kila kero itakayokutesa kilomita ya 400 unayo tayari leo, hapo hapo nyumbani, ila ni ndogo mno hujaihisi. Kazi ya majuma kabla ya safari ni kuitafuta kero hiyo ikiwa bado changa.

Njia yangu ya kuitafuta huwachekesha majirani. Jioni moja uani naisimamisha pikipiki kwa stendi yake kubwa, navaa kila kitu nitakachovaa safarini, helmeti, glavu, buti na jaketi, kisha naketi dakika 45 nikisikiliza redio. Injini imezimwa, siendi popote. Ndani ya muda huo helmeti inayobana paji la uso inajitaja yenyewe: kwanza joto kidogo, halafu kidoa cha maumivu kama umebonyezwa kwa kidole gumba, halafu kichwa kizima. Buti lenye ulimi uliojikunja linajitaja. Mkanda wenye chuma kikubwa cha kufungia unaochoma tumbo ukiinama nao unajitaja. Hayo yote nayatatua nikiwa na mwanga, vifaa na maji ya kunywa karibu.

Baada ya hapo ndipo barabara. Kama ni miezi hujaendesha mbali, usifanye siku ya kwanza ya safari kuwa siku ya mazoezi. Jumamosi moja nenda kilomita 100, nyingine 200, nyingine 300, ukiwa na mzigo ule ule utakaosafiri nao. Mwili huzoea siti kama kiganja kinavyozoea jembe, yaani polepole.

Kuhusu mazoezi yenyewe, huhitaji kuinua vyuma. Dakika 15, mara tatu au nne kwa juma, kwa majuma sita, zinatosha kuleta tofauti. Muhimu kuliko yote ni misuli ya tumbo na mgongo wa chini, kwa sababu ikichoka unaanza kuulalia usukani, uzito wa kifua unahamia kwenye viganja, na hapo ndipo mabega na vifundo vya mikono vinapoanza kulia. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, kaa hivyo nusu dakika, pumzika, rudia. Chuchumaa na kuinuka mara 15 au 20 kwa ajili ya mapaja. Kwa shingo, weka kiganja kwenye shavu na kusukuma kichwa huku shingo ikikataa, upande huu, ule, mbele na nyuma. Helmeti inayofunika uso wote huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, na upepo unaivuta siku nzima.

Ukiwa barabarani kuna jaribio rahisi la kujua kama umekaa sawa: kwenye mwendo wa wastani, je, unaweza kupepesa viwiko kama kuku anayepiga mabawa bila usukani kuyumba? Kama huwezi, umejishikiza kwa mikono. Bana tangi kwa magoti, shusha mabega, kaza tumbo kidogo.

Sasa siti. Uzito wa kiwiliwili unashukia kwenye mifupa miwili midogo ya chini ya nyonga, na ngozi iliyobanwa kati ya mifupa hiyo na siti inakosa damu ya kutosha. Ule moto unaousikia ndio huo. Watu wengi hukimbilia sponji laini zaidi, na hapo wanajidanganya. Siti laini inapendeza kwa nusu saa, kisha sponji inabonyea mpaka unakalia plastiki ya chini. Bora sponji ngumu kiasi, pana, inayotawanya uzito. Kabla ya kutoa fedha kwa siti mpya, angalia kwanza nguo za ndani. Mshono mnene ukikaliwa saa sita unakuwa kisu, na pamba ikilowa jasho haikauki, inasugua ngozi. Kaptura ya waendesha baiskeli isiyo na mshono pale unapokalia, ivaliwe chini ya suruali ya safari, imewaponya wengi. Na usikae kama sanamu: sogea mbele kidogo, rudi nyuma, na pale barabara iliponyooka na iko tupu, simama kwenye vikanyagio sekunde chache damu ipite.

Mikono ina kisa chake. Miaka kadhaa nyuma nilifika mwisho wa siku ya kwanza nikiwa nimekufa ganzi kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto. Nilishindwa kufunga zipu ya jaketi. Nilidhani ni mtetemo wa injini, nikanunua mipira minene ya kushikia, haikusaidia kitu. Tatizo lilikuwa leva ya klachi: ilikuwa imeinuka juu mno, kila nilipoibana kifundo kinakunjika kuelekea nyuma, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo unakandamizwa chini ya kiganja. Nililegeza bolti moja kwa spana, nikaizungusha leva kushuka chini kwa upana wa kidole, nikakaza. Kazi ya dakika mbili, baada ya siku mbili za ganzi. Fanya hivi nyumbani: keti kwenye pikipiki, funga macho, nyoosha mikono kuelekea usukani bila kukunja vifundo, kisha fumbua. Vidole vidondokee juu ya leva vikiwa kwenye mstari mmoja na mkono. Kama havidondokei hapo, chukua spana. Ganzi ikiendelea hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, hilo si la spana tena, ni la daktari.

Kelele ndiyo kitu ninachoona kinadharauliwa kuliko vyote. Watu wanadhani kelele ya pikipiki ni eksozi. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele kubwa ni upepo unaokwaruza helmeti, na ndani ya helmeti hupita desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila shida, hata kama helmeti ni ya gharama. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mwisho wa uvumilivu wa sikio, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Piga hesabu ya siku yako nzima barabarani. Ule mlio wa "ziii" unaoingia nao kitandani usiku ni sikio linalolalamika, na sikio lililokufa halifufuki. Zaidi ya hapo, kelele inachosha. Ukiizuia, unafika jioni ukiwa bado na hamu ya kuzungumza na watu.

Dawa yake ni vizibo vya masikio vya sponji, vitu vidogo vya bei ndogo. Ila wengi huvitia vibaya kisha husema havifanyi kazi. Kiviringishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nje, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke. Bado utasikia honi na injini yako, tena kwa uwazi zaidi kwa kuwa ngurumo ya upepo imepungua. Sheria za mahali na mahali zinatofautiana kuhusu vitu vya masikioni, kwa hiyo ulizia njia unayopita kabla hujaondoka.

Upepo una hila nyingine. Hewa ya nyuzi 10 za Selsiasi, ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 4 hivi. Ndiyo maana mtu anaondoka nyumbani akiona asubuhi ni ya baridi ya kawaida, na baada ya saa moja vidole vyake haviwezi kubana breki haraka. Vaa tabaka nyembamba mbili tatu na juu yake kitu kinachokata upepo, na koti la mvua uliweke juu kabisa ya mizigo, si chini ya hema.

Joto linageuza mambo. Hewa ikishapita nyuzi 35 hivi, inakuwa na joto kuliko ngozi, na upepo unaoupenda unakupuliza kama tanuri. Kufungua jaketi unahisi nafuu, kumbe jasho linakauka haraka mno na maji ya mwili yanakwisha bila kujua. Afadhali ufunge zipu, ulowe fulana ya ndani, uache upepo mdogo upite kwenye matundu ya jaketi. Maji unywe kidogo kidogo kabla kiu haijafika. Kuna wanaojinyima maji ili wasisimame kujisaidia. Hao huishia kusimama kwa kichwa kuuma. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa.

Miguu nayo iko mkunjo mmoja siku nzima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba safari ya kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya uwezekano huo bado ni mdogo, lakini aliyewahi kupata tatizo hilo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza. Wengine, tushuke kila baada ya saa moja na nusu hivi, tutembee dakika tano, tuinuke kwa vidole vya miguu. Kushuka na kukaa juu ya siti ile ile ukichezea simu hakuhesabiki.

Chakula sina mengi: kidogo, mara nyingi, na sahani iliyofurika iwe ya jioni. Mchana kati ya saa nane na saa kumi mwili wenyewe unataka kulala, hata ulale vipi usiku, na tumbo lililojaa ni kuusukuma mteremkoni. Kwenye kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Kusinzia sekunde nne ni mita 100 bila dereva. Ukiona hukumbuki kilomita chache zilizopita, simama. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe kisha lala dakika 15 au 20 kivulini. Na soma maelezo ya dawa zako: nyingi za mafua na mzio, kwa mfano zenye klorofeniramini, huleta usingizi. Dawa mpya usiijaribie safarini.

Panga siku kwa saa, si kwa kilomita, na siku ya kwanza iwe fupi. Wapo waendeshaji wa Iron Butt Association, chama cha Marekani cha wapenda safari ndefu za pikipiki, wanaopita maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Gawanya uone: ni wastani wa kilomita 67 tu kwa saa. Wanafika kwa kutulia, na kwa kutopoteza muda kwenye vituo. Sisemi uwaige, mimi saa saba za siti zinanitosha.

Usiku wa mwisho, mzigo wote uhamie kwenye pikipiki, mgongoni pasibaki begi zito. Miwani, kitambaa cha kufutia kioo cha helmeti, mafuta ya jua ya ile sehemu ya shingo inayobaki wazi, glavu za akiba. Vizibo jozi mbili, mfuko wa kifua upande wa kushoto. Jozi moja lazima itadondoka kwenye kituo cha mafuta.