Mtoto akikohoa au akiharisha: hesabu pumzi, angalia maji

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi, upepo na vikohozi. Mvua zikianza Desemba, kuharisha na malaria hufuata. Mtoto wa chini ya miaka 5 huzidiwa haraka zaidi anapoishiwa maji au mapafu yanapomshinda, na yote mawili mlezi anaweza kuyaona akiwa nyumbani.

Anza na pumzi. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo hadi tumboni, weka saa ya simu, uhesabu kila kifua kinapopanda kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4: kichanga huvuta pumzi kadhaa mfululizo kisha akasita, na hesabu fupi itakudanganya. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (rudia kuhesabu uhakikishe), 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Kisha tazama chini ya mbavu. Akivuta hewa na sehemu ile ikabonyea ndani, hali ni mbaya zaidi. Pumzi za haraka au kifua kubonyea huashiria nimonia, na dawa yake hutolewa kwenye kituo cha afya kwa uzito wa mtoto. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kikohozi kisicho na dalili hizo mara nyingi ni mafua ya virusi, na antibiotiki haiyagusi. Aliyetimiza mwaka mmoja mpe kijiko cha chai cha asali. Ya Kondoa au Manyoni inafaa sana. Chini ya mwaka usimpe kabisa, kwani asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mdogo. Tunasisitiza pia: usimpeleke kukatwa kimeo. Anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi, na nimonia inabaki pale pale.

Kwenye kuharisha, makosa mengi hutokea wakati wa kuchanganya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Soma pakiti kwanza: nyingi ni za lita 1, ila zipo ndogo. Ya lita 1 imimine yote kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ukipima kwa chupa mbili za nusu lita. Ukiigawa kwa kikombe cha chai kwa kukisia, chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, ikipungua haimsaidii. Visima vingi vya huku maji yake yana munyu, kwa hiyo onja kwanza; chumvi ikisikika mdomoni, tafuta maji mengine. Usiongeze sukari. Mchanganyiko uliopita saa 24 mwaga.

Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Ongeza zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi 6, na usiikatishe hata kama choo kimeshakuwa kigumu, kwa sababu inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata. Anyonye kama kawaida, na aliyeanza kula apate uji wake wa uwele. Soda hapana, maana sukari nyingi huvuta maji utumboni na kuzidisha kuharisha.

Kupima maji mwilini, bana ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, iinue, uachie. Ikirudi taratibu, au macho yamedidimia, nenda kituoni. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, anahitaji dripu sasa. Kama bado anaweza kumeza, njiani endelea kumpa ORS. Choo chenye damu nacho ni cha kituoni. Yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ndani ya fizi. Kuyang'oa hakuponyi kuharisha. Kunaacha jeraha kinywani mwa mtoto aliyekwisha dhoofu.

Homa ipimwe malaria kabla ya kununua dawa ya mseto. Ikithibitika, dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi zitimie 6, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku: mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 150.

Degedege ikimpata, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Vivyo hivyo kwa anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, au asiyeamka vizuri. Ukifika, mwambie muuguzi idadi ya pumzi ulizohesabu, saa aliyokojoa mara ya mwisho, na dawa zote alizokwisha kunywa, zikiwemo za mitishamba.