Somo: Simu ya dharura inapita wapi, na useme nini ikipokelewa

Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Mbona nilipiga simu nikaanza kuhojiwa badala ya kutumiwa ambulensi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nilipokea simu miaka minne katika kontroli ya ambulensi (chumba cha kupokea simu na kutuma magari) hapa Nairobi, kwa hiyo naandika mara moja, tusome wote.

1. Piga. 999, 112 na 911 ni za polisi; 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Huhitaji salio.

2. Ujue inakopita. Simu inaingia mnara ulio karibu, mtambo wa kampuni ya simu unaipeleka kwenye kituo, inakaa foleni hadi mtu aipokee. Kwa viwango vya GSM, yaani kanuni za kimataifa za simu za mkononi, 112 inatambuliwa na simu yenyewe kuwa ya dharura: laini yako ikikosa mtandao, simu inaweza kutafuta mnara wa kampuni nyingine. 1199 haina upendeleo huo, ni namba ya bure tu, nayo inahitaji mtandao wako uwepo.

3. Sema mahali KABLA ya kusema kilichotokea. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na bado inaniuma. Mama alipiga usiku, mtoto ana degedege, akasema "Githurai, karibu na steji." Asubuhi hiyo nilikuwa nimetuma gari Githurai 45, mkono ukaandika 45 bila kuuliza. Yeye alikuwa 44. Wenyeji mnajua: 44 iko Nairobi, 45 iko Kiambu, na Thika Road imepita katikati. Dereva alizunguka upande usiokuwa wake karibu dakika ishirini. Mtoto alipona, lakini sauti ya yule mama akiuliza "mko wapi?" sijaisahau. Kwa hiyo taja mtaa, sehemu ya mtaa, steji, kisha kitu kinachoonekana usiku: kanisa, kituo cha petroli, geti la rangi fulani. Usiseme "Soweto" ukanyamaza. Kuna ya Kayole, ya Kahawa West na ya Kibera. Usiseme "Mombasa Road" peke yake, barabara hiyo ni ndefu mno. Halafu mwambie anayepokea akurudishie alichoandika. Akikosea, msahihishe hapo hapo.

4. Jibu maswali. Anapumua? Anaongea? Anatoka damu? Kwetu, aliyepokea aliandika huku mwenzake wa kutuma magari akisoma kwenye skrini yake. Gari linaweza kuwa limeshatoka nawe bado unaulizwa. Maswali hayo ndiyo yanayoamua atangulie nani magari yakiwa machache.

5. Usikate hadi uambiwe.

6. Usitegemee SMS. Ujumbe huhifadhiwa kwanza ndipo usukumwe. Unaweza kuchelewa au kupotea, na hauji na mahali ulipo.

MASWALI

Kamaa_wa_Umoja: Sasa nikipiga niseme nini?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kamaa_wa_Umoja: Ni ndefu, fupisha.

Mwandishi: Mtaa, sehemu, steji, alama. Ile aya irudie leo ukiwa umetulia. Siku ya ajali hutapata nafasi.

Mzee_Kobe: Unapotosha watu. 911 inapokea SMS, nimeona video.

Mwandishi: Video hiyo ni ya Marekani, mzee wangu. Kampuni kubwa za simu za huko zilianza huduma hiyo mwaka 2014, na hata huko si kila kituo kinapokea. Kisipopokea, unarudishiwa ujumbe wa kukwambia upige. Uingereza nako lazima ujisajili kwanza kwa kutuma neno "register" kwa 999. Namba kufanana hakufanyi vituo kuwa kimoja.

Mwalimu_Achieng: Asante kwa somo. Simu ikikatika kabla sijasema chochote, hawawezi kunitafuta kwa mnara?

Mwandishi: Mwalimu, umeuliza jambo la maana. Mnara unaonyesha eneo tu, hauonyeshi mlango. Pale mtaa wa Pipeline mnara mmoja unahudumia ghorofa nyingi sana, na hautasema uko ya pili au ya saba. Kinachosaidia ni namba yako. Sisi tuliiona na tulipiga tena. Mara nyingi tulikuta iko bize, mtu anampigia shangazi. Ukikatika, jaribu tena, na jamaa apigiwe kwa simu nyingine. Tena, ajali moja isipigiwe na watu kumi wote. Mteueni mmoja aliye karibu na mgonjwa.

Boda_Kasarani: Sisi wa boda tunasaidia. Mtu mmoja asimame stejini na pikipiki, ambulensi ikifika anaitangulia hadi mlangoni.

Mwandishi: Ndugu yangu, hilo limeokoa watu nikisikia kwa masikio yangu. Mwambieni anayepokea simu kwamba kuna boda stejini, na mmpe namba yake ampe dereva.

Mwalimu_Achieng: Na ploti zinazofungwa geti saa nne usiku?

Mwandishi: Mwamsheni mwenye ufunguo mara tu mkishapiga, na mfunge mbwa. Ngazi zikiwa nyembamba, sema mapema mgonjwa yuko ghorofa ya ngapi, wahudumu wajue watambebaje kushuka.