Gari linagonga "ta!" lakini haliwaki: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza safari

Desemba moja tulikuwa njiani kwenda Moshi na familia, tukasimama Segera kula na kunyoosha miguu. Tuliporudi garini nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka vizuri, nikasikia "ta!" moja kutoka chini ya boneti, kisha kimya. Fundi wa pale jirani akasikiliza mara mbili, akawasha taa kubwa akaona zinang'aa, akasema betri ni nzima, stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Nikanunua stata iliyotumika, ikafungwa. Nikazungusha ufunguo: "ta!" ileile. Magharibi ilikuwa inakaribia alipokuja dereva mmoja wa lori na nyaya zake za kubusti. Akachukua waya mmoja, akabana ncha hii kwenye hasi ya betri na ile nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Piga stata, kaka." Gari likawaka hapo hapo. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Watoto walishalala kwenye siti.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila ninayemsikia akisumbuliwa na huo mlio ameanza kwa kununua kitu. Pima kwanza. Na vipimo vingi ni vya kufanyia nyumbani, siku chache kabla ya safari.

Mlio wenyewe una maana. Kwenye mgongo wa stata kuna solenoidi, yaani koili inayogeuka sumaku ufunguo unapofika mwisho. Sumaku huvuta chuma kilichomo ndani, chuma husukuma kipande cha shaba kikaunganisha vichwa viwili vinene, na hapo ndipo umeme mkubwa wa betri unapoingia kwenye mota. "Ta!" ni chuma hicho kikigonga. Koili inahitaji umeme kidogo tu, lakini mota ya gari dogo la petroli inataka kama ampea 100 hadi 200, na ya dizeli zaidi. Ndiyo maana betri iliyochoka inaweza kukupa mlio bila kuzungusha chochote. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, mara nyingi ni betri: koili inavuta, mota inanyonya volti zote, koili inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. "Ta!" moja nzito huku taa haziyumbi inakupeleka kwenye stata yenyewe, au kwenye nyaya zinazoipelekea umeme na zinazourudisha kwenye betri. Hizi za kurudisha ndizo watu wanazosahau.

Kwa hiyo anza na betri, na anza asubuhi kabla gari halijawashwa. Mita ndogo ya kupimia umeme haina bei kubwa, na kwa maoni yangu kila mwenye gari angekuwa nayo. Betri iliyojaa na kutulia usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikifika 12.0 ipeleke ikachajiwe. Kisha mwombe mtu apige stata wakati wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama ilisoma vizuri ilipotulia. Gari likishawaka pima tena: kati ya 13.8 na 14.5, alternata (jenereta ya gari) inachaji betri. Ikiganda kwenye 12 na kitu, ukinunua betri mpya nayo itaisha njiani vilevile. Joto huchosha betri mapema, hivyo kwetu huku pwani, betri ikipita miaka mitatu mimi huanza kuiangalia kwa wasiwasi. Kama ni ya maji, ongeza maji safi ya betri hadi kwenye alama ya juu. Usiongeze asidi.

Baada ya hapo shika terminali, vile vibano vya nyaya kwenye vichwa vya betri, kwa mkono, gari likiwa limezimwa. Terminali ikicheza hata kidogo, umepata ubovu. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kupita vizuri: mwagia maji ya uvuguvugu yenye magadi, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kausha, funga, kisha paka vaselini. Vua pete na saa kabla hujaanza, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hutoa cheche za kuunguza vidole. Ukimaliza, ufuate ule waya mweusi wa hasi hadi unapoishia kwenye injini na kwenye bodi. Fungua bolti, tazama chini yake. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo ingeniokoa Segera.

Ndani ya buti weka spana namba 10, msasa, tochi, mita, na nyaya za kubusti zilizo nene kwelikweli, maana nyembamba hupata moto na hazipitishi umeme wa kutosha. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo mwenye otomatiki nyaya ndizo tegemeo lake. Unaziunganisha hivi: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ikirukia pale juu inaweza kuilipua.

Siku ikikukuta, washa taa kubwa halafu piga stata huku ukizitazama. Zikififia sana, shughulika na betri na terminali. Zisipofifia, fanya kile alichofanya yule dereva wa lori: waya mmoja kutoka kwenye hasi hadi kwenye injini, ujaribu tena. Bado? Gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa spana wakati mwenzako anazungusha ufunguo. Ikiwaka, huenda kaboni za ndani, zile zinazopitisha umeme kwenye mota, zimeisha. Usizime gari tena hadi ufike kwa fundi.

Kuna mambo mawili ninayoomba uyakatae hata ukiwa na haraka. La kwanza ni kuchomoa terminali injini ikiwa inanguruma ili "kupima alternata". Magari ya sasa yana kompyuta, na volti zikiruka ghafla zinaweza kuziunguza. La pili ni kuendelea kupiga stata gari likigoma baada ya kupita kwenye maji, kama yale yanayojaa Jangwani mvua zikikolea. Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, "ta!" hapo ina maana injini imekwama, na kuilazimisha kunaweza kupinda koni rodi, yaani mkono unaoshika pistoni. Vuta gari, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza.

Fundi akisema stata imekufa, mwombe aifungue na kuizungusha pale chini kwa nyaya za betri ukiona. Ikizunguka kwa nguvu, irudi kwenye gari na nyaya zitafutwe. Isipozunguka, uliza kwanza kama ni kaboni au zile shaba za solenoidi, kwa sababu kwenye magari mengi ya Toyota shaba huliwa na hubadilishwa peke yake, kwa hela ndogo kuliko stata nzima. Na kama huna budi kununua iliyotumika, izungushwe hapo dukani, mbele yako, kabla hujatoa hela.