Jinsi ya kusoma Muziki sekondari: anza na koo lako

Mwanafunzi akinijia kusema anataka kuchukua Muziki, simuulizi kama kwao kuna kinanda. Namwomba aniimbie wimbo wowote anaoupenda, kisha aurudie akianzia juu kidogo. Akiweza kuuhamisha bila kuuvunja, basi sikio lipo, na mengine yote hufundishika. Nafundisha somo hili hapa Kilifi, katika shule isiyo na piano, na ninakuandikia wewe ambaye shule yako nayo haina.

Jua kwanza unakokwenda. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, una karatasi tatu. Ya kwanza ni ya vitendo: unaimba au kupiga ala mbele ya mtahini, unafanya mazoezi ya skeli (ngazi ya noti) na apejio (noti za kodi zikipigwa moja moja), na unasoma noti ambazo hujawahi kuziona. Ya pili ni ya kusikiliza: muziki unachezwa, wewe unaandika ulichosikia. Ya tatu ni nadharia, historia na uchambuzi. Wengi huipa hiyo ya tatu muda wao wote kwa sababu inafanana na masomo mengine, kuna daftari na kuna majibu ya kukariri. Ukisoma hivyo, karatasi ya pili itakuangusha, na hata ya tatu utaiona nzito, maana kutunga melodia na kupanga sauti nne hakukaririki.

Kwa hiyo, imba. Kila kitu kiimbe kabla ya kukiandika, na ukiimbe kwa solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kama unaimba kwaya tayari unayo, wala usimruhusu mtu akuambie kwamba solfa ni ya wasiojua noti. Ndiyo ngazi ya kupandia kwenye mistari mitano ya kuandikia noti. Kama umelelewa kwenye kasida na maulidi, sikio lako limezoea kufuata sauti inayopindapinda na mapigo ya dufu. Ongeza majina ya solfa juu ya hayo unayoyajua. Kila asubuhi panda na kushuka ngazi yote, halafu ruka: do–mi, do–fa, do–so, do–la, ukirudi do kila mara. Umbali kati ya noti na noti, ambao watoto wengi huubahatisha, utakuwa umeutia kooni.

Karatasi ya pili ina utaratibu wake. Melodia huchezwa zaidi ya mara moja, basi mara ya kwanza weka kalamu chini. Tafuta do, uivumishe moyoni, na uhesabu mapigo kwa kidole pajani. Mara ya pili andika mapigo tu, juu ya mistari, bila kujali noti ni ipi. Kisha jaza noti ya mwanzo, ya mwisho, na zile za kuruka. Zilizobaki katikati mara nyingi hutembea hatua kwa hatua. Ukikwama mahali acha pengo uendelee, kwa sababu muziki haukungoji.

Kwenye kadensi, yaani kituo cha mwisho wa sentensi ya muziki, achana na soprano, sauti ya juu kabisa. Sikiliza besi, ya chini kabisa. Besi ikitoka so kwenda do, hiyo ni kadensi kamili. Ikitoka fa kwenda do, umesikia ile "Amina" ya mwisho wa tenzi za kanisani. Ikituama kwenye so, sentensi haijaisha. Ikitoka so ikaenda la, umekatizwa. Wanafunzi wangu nawaambia wakae karibu na waimbaji wa besi katika mazoezi ya kwaya hata kama wao ni soprano, na wasichana wajifunze kuimba mstari wa besi juu kwa sauti zao wenyewe.

Sasa kutunga. Ukipewa maneno uyatilie melodia, yasome kwa sauti ya kuongea mara kadhaa uone mkazo unaangukia wapi. Maneno ya Kiswahili hukupa zawadi hapa: karibu yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unajua mapema pigo zito liende wapi. Chukua "Bahari imetulia". Mkazo uko kwenye HA na LI. Mstari wa wima wa kugawa vipimo unakuja kabla ya silabi hizo mbili: Ba | ha-ri i-me-tu | li-a. Katika mapigo manne, "Ba" inaingia kwenye pigo la nne kabla ya kipimo, "ha" na "ri" zinachukua pigo moja moja, "i-me" zinagawana pigo la tatu, "tu" pigo la nne. Kipimo cha mwisho "li" inavuta mapigo mawili na "a" moja, na lile moja la mwanzo linakamilisha hesabu. Imba: so ya chini, do, re, mi-fa, so, mi, re. Umeishia re, msikilizaji anangoja, na mstari wa pili utamrudisha do. Wanaoanza na noti kisha wakabandika maneno ndio utakaowasikia wakiimba "baharI".

Sauti nne zipange kwa kuanzia soprano na besi, halafu zile za katikati, alto na tenori. Epuka kwinti (umbali wa noti tano, kama do–so) na oktavu (do hadi do ya juu) zinazofuatana kati ya sauti mbili, na ti iache ipande do. Wakusanye wenzako watatu mziimbe zote nne. Kosa ambalo jicho limelipita, sikio hulikamata.

Muziki wa Kiafrika ndio eneo ninaloumia nalo zaidi, kwa sababu wanafunzi huusoma kama orodha ya majina. Wanaandika kwamba nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, lakini hawajaona jinsi mpigaji anavyoketi chini na kugonga mwili wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Aliyeona hilo hawezi kulisahau kwenye mtihani. Hapa Pwani tuna kayamba ya kutikisa, chivoti ambayo ni filimbi, na nzumari ya kupuliza inayosikika katika ngoma ya sengenya ya Wadigo. Mtafute mzee anayepiga. Mpe shikamoo, omba ruhusa kabla ya kutoa simu kurekodi, kisha uliza: imetengenezwa kwa nini, inalinganishwaje sauti, inapigwa katika shughuli gani, nani haruhusiwi kuigusa. Halafu omba akuachie uishike.

Historia ya Magharibi isikutishe. Chukua mtunzi mmoja kwa wiki, msikilize kabla ya kusoma habari zake. Bach, aliyefariki 1750, ukishamsikia sauti zake zikifukuzana, ukurasa wake utausoma kwa dakika chache.

Wanaoingia Gredi ya 10 ya mtaala mpya wataukuta Muziki katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Karatasi zitabadilika, mazoezi haya hayabadiliki.

Ala yako ichague mapema. Rekoda, ile filimbi ya shuleni, ni rahisi kupata, na sauti yako ni bure, lakini yoyote utakayoichagua ishike tangu mwanzo hadi mtihani wa mwisho. Siku ya karatasi ya vitendo, pasha koo moto kabla hujaitwa na ubebe maji. Kwenye kusoma noti papo hapo, utapewa muda mfupi wa kuzitazama: angalia ufunguo, mapigo, kisha mahali pagumu zaidi, upaimbe kimoyomoyo. Chagua mwendo wa polepole. Ukikosea noti usirudi nyuma, shikilia mapigo mpaka mwisho.