Jino lililojikunja kwa ndani: mzizi kwanza, kisu baadae

Kuna meno yanaota enameli, yaani lile gamba gumu la nje, ikiwa imejikunja kuingia ndani, hasa yale ya juu ya pili kutoka katikati. Ukiangalia unaona kishimo kidogo tu nyuma ya jino, halijaoza wala nini, kumbe bakteria wamepita hapo hapo hadi kwenye kiini, kiini kimekufa na fizi inatoa usaha.

Usikubali ling'olewe haraka haraka. Eksrei ya kawaida haitoshi kwa jino hili, uliza kama unaweza kupigwa siti skani ya meno ili mkunjo uonekane umefika wapi. Mtafiti Oehlers mwaka 1957 aliugawa mkunjo huo aina 3: unaoishia kwenye taji (sehemu ya jino iliyo nje ya fizi), unaoshuka ndani ya mzizi, na ule unaotokeza kabisa pembeni au kwenye ncha ya mzizi. Huu wa tatu ndio unasumbua zaidi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanakosea. Ukikata ncha ya mzizi bila kusafisha ndani, bakteria wamebaki na usaha utarudi tu. Kwa hiyo ruti kanali, yaani kusafisha na kuziba ndani ya mzizi, inaanza: ganzi, mpira wa kuzuia mate, daktari anatafuta njia ya mzizi na njia ya mkunjo, ikiwezekana kwa hadubini maana njia zenyewe hazijanyooka, faili (kisindano cha kukwangulia ndani ya mzizi) pekee haifiki kila kona ndio maana kuosha kwa haipokloraiti, dawa ya kuua bakteria, kunachukua muda mrefu. Mara nyingi anaweka ndani dawa ya kalsiamu haidroksaidi kwa wiki kadhaa halafu anaziba. Ni kazi ya kurudi rudi, vumilia.

Mfupa ulioliwa kuzunguka ncha ya mzizi ukianza kujaa kwenye eksrei za miezi 6 na 12, kisu hakina kazi. Usaha ukigoma kukauka, au kama kuna sehemu haikufikika kupitia taji, hapo fizi inafunuliwa, uchafu unakwanguliwa, ncha ya mzizi inakatwa kama milimita 3 na kuzibwa kutokea hapo nchani na simenti maalum ya meno iitwayo MTA, kisha fizi inashonwa. Kabla ya siku hiyo mwambie daktari kama unatumia dawa za kulainisha damu, tafadhali usifiche.

Uvimbe siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida, barafu kwa nje ya shavu inasaidia. Nyuzi zinatolewa kama baada ya wiki, ila homa ikipanda au uvimbe ukizidi kukua usisubiri tarehe yako, rudi siku hiyo hiyo.