Jinsi ya kukaa na pumzi yako dakika 10, hata kama kichwa kimejaa hesabu za korosho

Mi nilianza hii kitu msimu wa korosho, mwezi wa 11, mzigo ushaingia ghalani, hela ya mnada bado, vibarua wanapiga simu, na kila usiku saa 9 niko macho napiga hesabu ileile. Niko Mikindani kwa hiyo mtasema si ungeenda tu ufukweni upunge upepo. Nilienda. Nikapiga hesabu huku naangalia ngalawa.

Wenyewe wanaita maindifulnesi (mindfulness), yaani kutulia na kuangalia kinachotokea sasa hivi. Asili yake ni kwa Wabudha, ila hii inayofundishwa hospitalini bila mambo ya dini aliianzisha Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, siku hizi ni kozi ya wiki 8. Nawaambia mapema maana nyumbani wataanza kuuliza umeingia dini gani. Bibi yangu alinikuta nimetulia kwenye mkeka akauliza, "Mjukuu wangu, umepandwa na jini?" Napumua tu bibi. "Kwani siku zote ulikuwa hupumui?"

Haya, unafanyaje. Chagua muda ambao hausumbuliwi, mi nafanya baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijawa kali. Kaa kitako au kwenye kigoda, mgongo wima ila usijikaze, simu weka alamu ya dakika 5 (10 utafika mwenyewe) halafu igeuze kifudifudi. Sasa sikiliza pumzi inapoingia puani na inapotoka, usiivute kwa nguvu, iache ijiendee. Basi.

Hutamaliza pumzi tatu akili ishafika Masasi. Mi hapa ndo nilikuwa nakata tamaa, nikajua siwezi, nikaacha kama wiki mbili hivi, kumbe zoezi lenyewe ndo hilo, kugundua umeondoka halafu unarudi kwenye pumzi bila kujitukana, ukiondoka mara 40 unarudi mara 40. Hakuna mtu anayekaa kichwa kitupu, anayekwambia hivyo anakudanganya. Kelele nazo usipigane nazo, jogoo, bodaboda, redio ya bibi, isikie ipite, rudi.

Miguu itakufa ganzi, badili mkao tu, sio dhambi. Usingizi ukikuzidi fumbua macho. Ila kuna kitu hawakisemi sana, ukitulia yale uliyokuwa unayakimbia yanakuja. Mi siku ya tisa nilimkumbuka marehemu baba nikalia kama mtoto, na sikuwa nimemlilia tangu msibani. Ikikufika hivyo simama, tembea, nawa uso, ongea na mtu. Na kama una huzuni nzito ya muda mrefu au kuna jambo baya lilikupata, nenda kamuone daktari kwanza, hii sio dawa ya kila kitu.

Faida? Usingizi umerudi, sio kila siku lakini. Kingine ni kadogo ila nakipenda, nikipigiwa simu ya kudaiwa nasikia kabisa kifua kinabana kabla sijajibu, na hapo katikati napata nafasi ya kujibu kama mtu mzima, zamani nilikuwa nafoka. Kupumua hakukufanya hela yenyewe ifike mapema, hilo niwe mkweli.

Bibi sa hivi akinikuta pale anapita kimyakimya. Redio hapunguzi.