Usaha wa shingoni unaposhuka kifuani: mwongozo kwa matabibu wenzangu wa Bagamoyo

Mara nyingi chanzo ni gego la chini. Mgonjwa amesukutua maji ya chumvi, akanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, na sasa anafika shingo imevimba. Nyuma ya koo kuna nafasi inayoteremka hadi kifuani. Usaha ukiingia humo, hushuka upesi.

1. Njia ya hewa. Usimlaze chali kwa nguvu. Mwache akae anavyopumua kwa nafuu. Mate yakimchuruzika, mdomo haufunguki, ulimi umeinuka au anakoroma akivuta pumzi, mwite mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji papo hapo. Dawa ya kumtuliza kabla hawajafika inaweza kumuua. Huenda akahitaji kutobolewa koo kwa ganzi, akiwa macho.

2. Mvue shati. Hatua hii hurukwa mno, nami naisisitiza kuliko zote. Tazama kama wekundu umevuka mtulinga. Bonyeza ngozi: ikichakacha, kuna gesi. Uliza maumivu ya kifua anapovuta pumzi. Usisubiri jipu laini la kubonyea, kwa sababu usaha wa ndani hauonekani kwa nje. Pima sukari, hata kama anasema hana kisukari.

3. Dawa mshipani. Kwa mtu mzima asiye na mzio, dawa za kuua vijidudu: seftriaksoni gramu 2 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Chukua damu ya kuotesha vijidudu kwanza, ila usicheleweshe dozi. Mpe oksijeni na dripu.

4. Picha. Eksirei ikionyesha kifua kimepanuka katikati au kina hewa mahali pasipostahili, umepata jibu. Ikiwa safi, bado usitulie. Kinachoamua ni CT (picha za mwili tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, na kwenye fomu andika "shingo na kifua". Ukiandika shingo peke yake, picha itaishia pale ugonjwa unapoanzia kuua.

5. Rufaa. Pigia Muhimbili mapema, huku matibabu yakiendelea. Kama pumzi inatia shaka, njia ya hewa idhibitiwe kabla gari halijaondoka, na anayejua kuisimamia aende naye. Waelezeni ndugu waziwazi kwamba hili si jino tena.

6. Upasuaji. Dawa peke yake haitoshi: usaha utolewe, nyama iliyokufa iondolewe, gego ling'olewe. Usaha ulioishia sehemu ya juu ya kifua huweza kutolewa kupitia shingoni. Ukishuka chini ya pingili ya 4 ya mgongo wa kifuani, kwa kawaida kifua nacho hufunguliwa. CT irudiwe baada ya saa 48 hadi 72, au mapema zaidi homa ikigoma kushuka, kwani wengi hurudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja.